Omuramba wa Ma Veneranda

Siku niliporuhusiwa kutoka hospitali mara ya kwanza, nesi aliniambia, "Nenda mama, tusionane tena hapa." Tukacheka wote wawili. Kahawa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuiva. Kabla ya mavuno kwisha nilikuwa nimerudi kwenye kitanda kilekile, na yule nesi hakucheka tena.

Naandika habari hizi kwa sababu mwaka huu homa ya matumbo imeingia hapa jirani, Songambele. Dada mmoja ambaye mtoto wake amelazwa alinifuata baada ya misa, akaniuliza kama ni kweli niliugua ugonjwa huo mara mbili nikabaki hai. Ni kweli. Nilimwahidi kwamba nitamwandikia, maana nje ya kanisa kuna masikio mengi. Mama mkwe wangu, Ma Veneranda, ambaye habari hii ni yake kuliko ilivyo yangu, tumekwisha kumzika shambani nyuma ya nyumba. Kabla hajaondoka aliniambia, "Nikiwa hai usimwambie mtu. Nikishakwenda, waambie wenye shida." Basi nawaambia.

Mimi ni mzaliwa wa Muleba. Niliolewa Nyabiyonza na Anakleti, mkulima wa ndizi na kahawa, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Rwanda yeye akiwa bado hajazaliwa. Kwetu walinuna. Kaka yangu Fideli, karani wa serikali ambaye suruali yake ilipigwa pasi hata siku ya kuchimba viazi, alisema nimekwenda kujizika migombani kwa watu ambao hajui ukoo wao. Ma Veneranda nilimkuta mjane, mwembamba, anayefanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Sitawadanganya: yeye alinipenda kabla mimi sijampenda.

Ugonjwa ulianza mwisho wa masika, miaka michache baada ya vita vya Kagera. Kwanza kichwa tu, kikigonga hapa mbele kwenye paji la uso. Nikaenda kupalilia maharage hivyohivyo. Kisha homa ikawa inapanda kila jioni na asubuhi inashuka kidogo, ili nipate kujidanganya kwamba nimepona. Zahanati walinipa klorokwini. Waliowahi kuinywa wanaujua mwasho wake. Nilijikuna mpaka nikaona heri malaria yenyewe. Homa haikujali. Tumbo likajaa, choo kikagoma siku nyingi, halafu kikaja na hakikukoma tena, chembamba, cha rangi ya mchuzi wa njegere. Samahani kama unasoma huku unakula, lakini yafaa uijue rangi hiyo. Mimi ningeijua ningekwenda hospitali mapema.

Kufikia hapo sikuwa na akili zangu. Naambiwa nilikuwa nikimwita marehemu mama yangu anifungulie mlango, na mlango ulikuwa wazi. Wanaume wa kitongoji walinibeba kwa machela wakipokezana hadi barabarani, tope likiwafika vifundoni, na huko tukapata lori lililokuwa likirudi tupu. Anakleti alikaa kwenye bodi akiwa amekipakata kichwa changu. Mtoto wetu Jovina, aliyekuwa bado hajafika umri wa shule, tulimwachia bibi yake.

Barazani pa hospitali ya misheni kulikuwa na mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya wagonjwa. Ukifika unakaa mwisho, na kila anayeitwa ndani nyote mnasogea. Nilisogezwa kama gunia. Karibu yangu alikaa mzee aliyeshika kuku, sijui kama alikuwa wa kumlipa daktari au wa kitoweo, na kila nilipofumbua macho nilimwona yule kuku akinitazama kwa jicho moja. Ndicho kitu pekee ninachokumbuka vizuri siku ile. Jua lilikuwa limegeuka nilipoitwa.

Mganga msaidizi alikuwa mtu mfupi asiyependa maneno mengi. Alinibonyeza tumbo, akautazama ulimi wangu, damu ikapimwa. "Homa ya matumbo," alisema. "Vijidudu vyake vinaitwa salmonela." Mimi na homa yangu nilidhani ametaja jina la sista mgeni, nikamwuliza atafika lini.

Nikapewa kapsuli, na dripu, na kitanda kilichokuwa na bonde katikati. Ma Veneranda alikuja siku chache baadaye, Jovina mgongoni, kikapu kichwani. Alilala chini ya kitanda changu kwenye mkeka. Alifua nguo zangu, ambazo sitaeleza zilivyokuwa, na alizifua bila sabuni. Hii nataka vijana waielewe. Miaka ile sabuni ilikuwa haionekani. Dukani kwa ushirika mlipanga foleni mkaambiwa imekwisha kabla haijaja. Watu walifulia majani ya mpapai na majivu, na walinawa mikono kwa maji matupu. Hakuwa mchafu mama yule. Alikuwa msafi kuliko mimi, na alisugua zile nguo mpaka vidole vikachubuka.

Mwili wangu ulikwisha. Pete ya ndoa ilidondoka kidoleni ikaviringika chini ya kitanda cha jirani, Ma Veneranda akaifunga kwa uzi shingoni mwangu. Halafu nywele. Zilianza kutoka homa ilipokuwa imeshuka, wakati nilipodhani sasa napona. Nilipitisha mkono kichwani ukarudi na shungi zima. Nililia sana, kuliko nilivyolilia uhai wangu.

"Zitaota," alisema Ma Veneranda. "Na zangu ziliota."

Siku hizo ndipo aliponisimulia habari za Eliza. Alikuwa kitinda mimba wake, msichana wa sekondari, alikufa kwa homa mwaka mmoja kabla sijaolewa. Niliwahi kuiona picha yake sebuleni, sikuwahi kuuliza. "Homa ilimpanda kichwani," alisema. "Hata hospitali hatukumfikisha. Nilimlisha kwa mikono yangu mpaka mwisho. Alikuwa hapokei kitu kwa mtu mwingine." Alisema hivyo huku akinipulizia uji. Nikaunywa wote, kwa kumwonea huruma.

Basi nikaruhusiwa. Nyumbani nilipokewa kwa omuramba. Kwa msiotoka Kagera: ndizi za pombe huvundikwa shimoni mpaka zilainike, zinamenywa, zinakamuliwa kwa mikono pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, zinatiwa maji kidogo ya chemchemi, na kile kinachochujwa kabla hakijachachuka ndicho omuramba. Mtamu, wa baridi. Ni kinywaji cha watoto, cha mzazi, cha mgonjwa aliyetoka hospitali. Hauchemshwi, wanasema moto unaua nguvu yake. Na haukamuliwi na yeyote tu. Anayerudisha damu ya mgonjwa ni mwanamke mkubwa wa nyumba, na Ma Veneranda alisifiwa omuramba wake mpaka Nyakakika.

Alikamua, akachuja, akajaza kibuyu, akapiga funda moja mbele yangu kisha akanipa. Hiyo ndiyo desturi. Anayekukaribisha kinywaji anakionja kwanza ukimtazama, ujue hakina kitu. Nilikunywa. Jovina alikunywa. Kila siku kibuyu kilijazwa, kila siku alionja yeye kwanza, na kwa siku kadhaa nilihisi kweli damu inarudi.

Kisha kichwa kikaanza tena, palepale kwenye paji.

Wakati huu wa pili majirani hawakuja. Waliopita walisalimia kutoka kwenye uzio. Kichwa changu kilikuwa kipara chenye mabaka, mashavu yameingia ndani, na upande wa Bukoba kulikuwa na ule ugonjwa mpya ambao tuliuita Juliana, uliokuwa ukikausha watu mpaka wakafa. Hakuna aliyelitaja jina hilo mbele yangu. Lakini vikombe vyangu niliviona vimetengwa, na mama mmoja niliyekuwa nikienda naye sokoni alimvuta mtoto wake asishikwe na Jovina. Ukitaka kujua upweke, uwe mgonjwa wa ugonjwa ambao watu wameshaamua ni upi.

Fideli alikuja na lori la kahawa. Alinitazama, akavua kofia, akaketi. Mimi niliona aibu ya kipara changu nikajifunika kitenge. Kisha akasema kwa Kihaya, akidhani mama mkwe haelewi:

"Umelishwa kitu."

"Kaka, acha."

"Uliugua ukapona, umerudi hapa umeugua tena. Hospitali ulipona! Kwa nini kule upone na hapa uugue? Nani anakupikia?"

Ma Veneranda alikuwa mlangoni na kibuyu cha mgeni. Kihaya alikielewa vizuri sana. Aliingia, akapiga goti kidogo, akaonja funda lake, akamnyoshea Fideli kibuyu kwa mikono miwili. Fideli alikipokea, akakiweka chini. Kwetu kukiweka chini kinywaji kilichokwisha kuonjwa mbele yako ni kumpiga mtu kofi. Ma Veneranda akakiokota, akanywa. Akanywa tena mpaka pumzi zikamwishia, omuramba ukimtiririka kidevuni, akakipindua kibuyu kuonyesha kitupu.

"Umeona, baba?" alisema. "Nimekunywa. Ningekuwa na ubaya na mwanangu huyu, mimi ndiye ningetangulia kufa."

Fideli alisimama. "Nitarudi wakati wa senene," aliniambia, bila kumtazama yeye. "Nikikukuta hivi nakuchukua wewe na mtoto, na hawa watajibu mbele ya ukoo." Akatoka. Hakuaga, yeye ambaye alizoea kutufundisha adabu.

Kutoka siku hiyo nikawa naogopa mambo mawili. Niliogopa kufa. Na niliogopa kwamba nikifa, au hata nikizidiwa tu, mama huyu ataitwa mlozi mpaka kaburini, na Jovina atalelewa Muleba akiambiwa bibi yake alimuua mama yake. Anakleti alizunguka nyumba bila kusema. Ndoa yetu ilikuwa imebaki kama mtu anayesubiri kuitwa pale barazani. Siku moja alinijibu kwa hasira, "Kama mnaamini mama yangu anaroga, nendeni!" halafu akaenda kulia kwenye kahawa, nikamsikia.

Jovina naye akaanza kuchemka. Tulirudishwa hospitali, tukawekwa kitanda kimoja, mimi kichwa huku, yeye kichwa kule. Mtoto yule alikuwa mwenye maneno mengi, anauliza mpaka unachoka. Homa ilipofika kileleni aliacha kusema. Hata iliposhuka hakusema. Alikuwa anatazama tu dari. Masista walisema huwatokea watoto wengine wenye homa hii, na kwamba maneno yatarudi. Nilikuwa nikimuuliza, "Jovina, mimi nani?" anageuza uso ukutani. Kama kuna siku nilimkasirikia Mungu kweli, ni zile.

Mganga alipoona tumeingia wawili, alikuja na kiti akaketi, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Mama," alimwambia Ma Veneranda, "nyumbani nani anapika?"

"Ni mimi, waitu, bwana mganga. Huyu si unamwona hali yake."

"Na wewe huumwi?"

"Siumwi kitu. Mimi niliumwa zamani, wakati wa vita. Tulirundikana shuleni na wenzetu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto. Homa ililaza wengi. Mimi ilinilaza mpaka nywele zikaisha, kama za huyu. Mungu akaniacha. Tangu hapo hata mafua siyajui."

Alisema hayo kwa sauti ya kunitia moyo, akinipigapiga mguu. Mganga aliacha kuandika.

Akaombwa kinyesi kwenye kopo. Ma Veneranda alicheka mpaka wodi nzima ikageuka. "Yezu wangu! Nimeishi mpaka wanataka na choo changu!" Kopo likapelekwa hospitali kubwa, na majibu yakachukua muda mrefu. Tulikwisha kuruhusiwa kutoka kitandani, tumekaa kwenye majani nje ya wodi tukiota jua, mganga alipotuita mimi na Anakleti pembeni. Ma Veneranda tulimtanguliza nyumbani siku iliyopita, akaandae.

Sitajifanya najua utabibu. Nasema nilivyoambiwa. Wapo watu wanaopona homa hii, lakini vijidudu haviondoki. Vinajificha kwenye nyongo, havimuumi mwenyewe, na vinatoka naye chooni miaka na miaka. Akinawa bila sabuni vinabaki mikononi, mikono inashika chakula, chakula kinaliwa. Moto ungeviua. Ndiyo maana ugali wake na matoke yake havikutudhuru. Chakula pekee alichotupa kwa mikono yake na ambacho hakikuona moto kilikuwa kile cha kuturudishia damu.

"Unasema mama yangu anatuua?" Anakleti aliuliza.

"Nasema ana ugonjwa usiomuuma. Zipo dawa. Anywe muda mrefu, tutampima tena. Mwambieni nyumbani, taratibu. Nikimwambia mimi hapa atazikimbia dawa."

Njia nzima ya kurudi tulijaribu maneno. Tulijaribu kwa Kiswahili, kwa Kinyambo cha hapa kijijini, kwa Kinyarwanda cha nyumbani kwao. Kila tulivyolipanga, lilitoka lilelile alilosema Fideli. Mwisho Anakleti akasema hawezi. Mtoto wa kiume hamwambii mama yake habari za choo chake. Mkaza mwana naye hamwambii, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kufuliwa nguo zile na mama yule, heshima gani tena ilikuwa imebaki kati yetu.

Tulifika asubuhi. Ndizi zilikuwa zimekwisha fukuliwa, zimemenywa, nyasi ziko tayari, na Ma Veneranda amepiga magoti mbele ya mtumbwi, mikono imeingia mpaka viwikoni. Aliposikia hatua zetu alianza kuimba wimbo wa kumpokea mtoto. Jovina alikimbia akamkumbatia mgongo, bado hajasema neno.

"Mama," nilisema. "Acha."

"Nimalizie. Huyu mtoto amebaki mifupa."

"Mama, acha kukamua. Toa mikono."

Nadhani aliisikia sauti yangu. Akatoa mikono, ikidondosha maji ya ndizi, akaishika mbali na nguo zake. Nikapiga magoti na mimi, nikamweleza. Nilimweleza vibaya. Nilianza na nyongo, nikarudi kwenye vita, nikataja kopo, nikasema "si kosa lako" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hakunikatisha. Jovina alikuwa amechovya kidole kwenye mtumbwi, na Ma Veneranda, bila kumgusa, alimwambia kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Ondoka hapo!" Mtoto akaanza kulia. Ndipo nikajua ameelewa.

"Kwa hiyo kaka yako alisema kweli," alisema.

"Hapana, Mama. Kaka alisema umenitilia kitu. Mganga anasema hukujua."

"Kwa aliyekunywa, tofauti iko wapi?"

Kuku walikuja kwenye maganda, hakuna aliyewafukuza. Aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, akaniuliza polepole:

"Na Eliza?"

Mawe, mama wee! Mimi na Anakleti tulikuwa tumepanga maneno njia nzima, na hilo hakuna aliyekuwa ameliwaza. Eliza aliugua baada ya vita. Eliza hakupokea kitu ila kwa mama yake.

"Sijui, Mama," nilisema. "Eliza hakupimwa. Hakuna anayejua."

"Mimi najua," alisema.

Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Anakleti alimfuata, akarudi peke yake. Ule mtumbwi mzima tuliwapa mbuzi. Siku nyingi baada ya hapo mama yule hakula nasi. Alijitengea bakuli na kijiko, akavificha kwenye chumba chake. Nilivirudisha jikoni, akavichukua tena. Siku moja nilimkasirikia, nikamwambia kwamba mimi nilikwisha kutengewa vikombe na majirani, sitaki kuiona dhambi hiyo ndani ya nyumba yangu. Kijiko kikabaki jikoni. Bakuli hakulitoa.

Mtu atakayesoma hili akiwa na mgonjwa asidhani kumtibu asiyeumwa ni rahisi. Anayeumwa anameza dawa kwa kutaka kupona. Ma Veneranda alimeza kapsuli kubwa kila siku, vuli nzima na zaidi, bila kuhisi chochote ila kichefuchefu. Dawa zilipungua hospitali, padre akatuletea nyingine kutoka Bukoba. Mimi nilichemsha maji yote, hata ya kuoga mtoto, kuni zikaisha, mgongo ukaniuma. Choo kipya kilichimbwa mbali na chemchemi. Majirani tuliwaambia ugonjwa ulitoka kwenye maji, na kwa kuwa maji nayo hayakuwa salama, wanakijiji walisafisha chemchemi wakaizungushia uzio. Mema kidogo yalitoka humo.

Fideli alirudi wakati wa senene kama alivyoahidi. Alinikuta nimesimama, nywele zimeota fupi kama za mwanafunzi, na Jovina siku chache kabla alikuwa amesema neno lake la kwanza tangu homa. Alikuwa ameomba chumvi. Fideli aliuliza ilikuwa nini. Nilimwambia homa ya matumbo, kutoka kwenye maji, na kwamba hospitali wamethibitisha. Akaenda mpaka kwa Ma Veneranda aliyekuwa amekaa uani, akainama. "Shikamoo, mama. Nilikosea." Na akatoa mche wa sabuni aliokuja nao, sijui aliupata wapi wakati ule. Ma Veneranda aliitikia marahaba, akaupokea ule mche, akamgeukia mwanawe na kumwambia, "Mpe mgeni chai." Chai nilipika mimi. Nilimwona anavyoishika sabuni ile, nikashindwa kutazama.

Msimu wa kahawa uliofuata, majibu yake ya mwisho yalitoka safi. Yalirudiwa, yakatoka safi tena. Mganga alimpa mkono, akamwambia sasa anaweza kupika hata arusi. Ma Veneranda akamshukuru, tukarudi nyumbani, na hakupika. Hakumenya hata ndizi moja tena maishani mwake. Majirani walinisifu: mkwe gani huyu anayempumzisha mama mkwe namna hii! Vikundi vya akina mama kanisani vilinitolea mfano. Yeye alinitaka ninyamaze, nikanyamaza, lakini kila waliponisifu nilijisikia kama nimevaa nguo ya mtu mwingine.

Kisha nikajifungua mtoto wa kiume. Wanawake walijaa chumbani kwangu, na kwa desturi wote walikuwa wanamngoja mama wa nyumba aje ampokee mjukuu. Alikuja mpaka kizingitini akaishia hapo, mikono ameificha ndani ya kitenge. Akamtazama mtoto kwa mbali, akitabasamu, machozi yanamtoka. Wanawake walidhani ni furaha. Niliwaomba watupishe kidogo.

"Mama, ingia. Mpokee."

"Namwona kutoka hapa. Ni mzuri."

"Vipimo vilitoka safi. Wewe mwenyewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo," alisema. "Hata Eliza nilimshika hivyohivyo, nikiwa mzima, siumwi kitu."

Nikamwambia kwamba mtoto huyu asiposhikwa na bibi yake atakua akijua kuna jambo, na mimi sitamdanganya. Nilisema kwa ukali, nilikuwa na uchungu wa uzazi na uchungu mwingine. Mtoto akaanza kulia. Ma Veneranda akaingia, hatua chache, akanigeuzia mgongo, akainama mbele ya kitanda.

"Mfunge hapa," alisema. "Mgongo wangu haujaua mtu."

Nikamfunga.